Kahawa kichanjani, mahindi ya mtoto chini

Msomaji, pita Mbinga msimu wa mavuno uangalie nyumba moja tu. Kahawa imemenywa, imeoshwa na kutandazwa juu ya kichanja, na kuna mtu wa kuigeuza na kuokota punje mbaya. Pembeni, mahindi yamelala juu ya udongo, kuku wanayakanyaga, manyunyu yakija yanafunikwa nusunusu. Sababu tunaijua: kahawa ina mnunuzi atakayeikagua. Mahindi yanakwenda jikoni kwetu, na ini la mtoto halina mkaguzi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Ini ndilo linaloumia zaidi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hii katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki dunia. Kenya, mwaka 2004, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula mahindi ya nyumbani.

Kuvu hawa hupenda joto, hivyo ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli wawe macho zaidi. Lakini hata huku milimani kwenye baridi, mahindi yaliyotiwa guniani yakiwa na unyevu si salama.

Sumu ikiwa nyingi, mtu huugua ndani ya siku chache. Ikiwa kidogo kidogo, haonyeshi dalili yoyote, ila miaka inavyokwenda huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari hizo mbili hazijumlishwi, zinazidishana.

Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa kuchangia nyembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Mtoto mchanga anayeambukizwa hubaki na virusi kwa muda mrefu karibu mara tisa katika kumi. Mtu mzima mara nyingi mwili wake huvishinda. Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Leo ipo ndani ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mzazi, usiruke hata moja. Nawe uliyezaliwa kabla ya mwaka huo, huenda hukuchanjwa: omba upimwe. Ukikutwa na virusi, zipo dawa za kuvituliza. Usipokutwa navyo, ulizia chanjo.

Kuhusu mahindi, mambo haya yako mikononi mwako. Anika juu ya kichanja au turubai. Kabla ya kuhifadhi, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, bado kuna unyevu: rudisha juani. Chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Kukoboa kunapunguza sumu, kupika hakuiondoi. Na zile punje mbovu usizipeleke kwenye komoni, wala usimpe kuku au ng'ombe wa maziwa, maana sumu hurudi mezani kwa mlango mwingine.

Ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, tumbo kujaa maji au kutapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Umanjano si ugonjwa wenyewe, ni ishara. Waweza kutokana na virusi, sumu, malaria kali au kijiwe kilichoziba njia ya nyongo, na mzizi mmoja wa kuchemsha hauwezi kutibu vyote hivyo. Baadhi ya dawa hizo za kienyeji zenyewe huumiza ini.

Kwa mtoto mchanga, umanjano wa siku ya kwanza ni dharura. Ukiendelea kupita wiki mbili, fungua nepi uangalie choo. Kikiwa cheupe kama udongo wa chokaa, njia ya nyongo yaweza kuwa imeziba, na upasuaji hufaa zaidi ukifanyika kabla ya miezi miwili. Usiambiwe "mwanike juani, itaisha" ukakubali.

Safu hii inasema wazi: maofisa ugani na vyama vya ushirika vinavyotufundisha ubora wa kahawa vitufundishe pia ubora wa mahindi, katika mkutano uleule. Lakini usiwasubiri. Kama kichanja kinatosha kahawa ya mnunuzi usiyemjua, jenga kingine kwa ajili ya mahindi atakayokula mwanao.