Saratani ya Kongosho: Jina Moja, Maradhi Mawili



Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa Maskati tumewahi kukaa katika chumba cha daktari tukiwafasiria wazee wetu. Neno saratani halihitaji mkalimani, kwani kwa Kiarabu na kwa Kiswahili ni lile lile. Taabu huja likitajwa bankiriyas, yaani kongosho. Mfasiri hushtuka, hutamka "saratani ya kongosho", kisha hunyamaza, na jamaa huanza kulia kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Kumbe jina hilo limebeba maradhi mawili yasiyofanana.

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, nacho kina kazi mbili. Hutoa maji ya kusaga chakula, yanayopita katika vijifereji hadi utumboni. Tena hutia katika damu homoni, kama vile insulini inayotawala sukari. Homoni hizo hutoka katika vikundi vya chembechembe alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869, navyo hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans.

Saratani iliyo ya kawaida huanzia katika vijifereji. Katika kila wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho, 9 au zaidi wana aina hii. Huenea kwa haraka, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kufika mbali. Dalili zake ni macho kugeuka manjano, mkojo kukoza rangi, mwili kuwasha, maumivu ya tumbo yanayoelekea mgongoni, kukonda, na pengine kisukari kinachomzukia mtu mzima ghafla. Kwa hesabu za Marekani, wanaofikisha miaka 5 ni kama 8 katika 100.

Aina adimu huanzia katika vile visiwa. Mara nyingi hukua polepole, na kwa hesabu hizo hizo takriban nusu ya wagonjwa hufikisha miaka 5. Tiba zake nazo ni mbali: upasuaji, sindano za kila mwezi, vidonge maalumu, na hata dawa yenye mionzi itiwayo mshipani. Baadhi ya uvimbe wa visiwa hivi hutoa insulini kupita kiasi. Mtu akikaa na njaa hutoka jasho, hutetemeka na hata kuchanganyikiwa. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida si saratani, na upasuaji huuponya. Lakini mwenye dalili hizo asiingie katika funga ya Ramadhani kabla ya kumwona daktari.

Hata hivyo, adimu si maana yake nyepesi. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, aliyezaliwa na baba Msyria, aligunduliwa na aina hii Oktoba 2003. Kwanza alijaribu vyakula maalumu na mitishamba, akafanyiwa upasuaji Julai 2004, na akafariki Oktoba 2011. Hakuna awezaye kuapa kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua, lakini miezi ile haikurudi.

Basi, ewe unayemfasiria mzazi, usitoke chumbani na neno moja tu. Uliza mambo matatu. Je, uvimbe umeanzia katika vijifereji au katika chembechembe za homoni? Je, kipande chake kimechukuliwa na kupimwa kwa hadubini? Je, umefika wapi, na upasuaji unawezekana? Mwombe daktari aandike majibu kwa lugha yake, uyahifadhi. Hapa Maskati, matibabu ya saratani yapo katika Hospitali ya Royal na katika kituo cha saratani chenye jina la Sultan Qaboos.

Dua tuiombe, na dawa tuitafute; moja haimzuii mwenziwe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu.

Wabillahi tawfiq.