Kitabu cha Fildi ni Amana



Sisi ni watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Tulianza alifu na be katika madrasa hii, na sasa tunasoma ufundi wa umeme katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, tulikwenda mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi, kwa muda wa wiki nane katika kiwanda kimoja kikubwa mkoani Iringa. Jina la kiwanda tunaliacha, kwa sababu tunayotaka kuyasema yanatuhusu zaidi sisi wenyewe.

Tunachotaka kusema ni hiki: kitabu cha fildi ni amana, na anayeandika ndani yake kazi ambayo hakuifanya ameikhini amana hiyo. Hatusemi hivi kwa sababu sisi ni wema kuliko wengine. Tunasema kwa sababu sisi wenyewe tuliandika uongo, na uongo huo ulikaribia kumtoa uhai mmoja wetu.

Kwa wazazi ambao hawajawahi kukiona, kitabu hicho hutolewa na chuo. Kila siku mwanafunzi huandika kazi aliyoifanya, na kila wiki msimamizi wa kiwandani hutia sahihi. Mwisho hugongwa muhuri wa kampuni. Mwalimu wa chuo huja kukagua, na alama zake huingia katika matokeo. Kwa hiyo kitabu ni ushahidi. Atakayekuja kumwajiri kijana wako ataamini kwamba yaliyoandikwa humo anayajua.

Kanda yetu haina uhaba wa mahali pa kujifunzia. Hapa Mbeya kuna kiwanda cha saruji kule Songwe, na kuna TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ukienda Mufindi utakuta viwanda vya chai na msitu wa Sao Hill, ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini. Misonobari ya msitu huo ndiyo iliyofanya Serikali ijenge kiwanda cha karatasi cha Mgololo katika miaka ya 1980. Ukipanda kaskazini mwa Iringa utafika bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, na upande wa mashariki kuna Kihansi yenye megawati 180. Kijana wa umeme, wa mitambo, wa misitu au wa uhasibu, kila mmoja ana mlango wa kubisha.

Ugumu ni kufunguliwa mlango huo. Sisi tulitembeza barua zetu geti hadi geti kwa muda wa miezi miwili, na mara nyingi mlinzi ndiye aliyetujibu kwamba nafasi zimejaa. Tulipokubaliwa tulifurahi sana. Wavulana wawili tulipanga chumba kimoja, na dada yetu akakaa kwa mama yake mdogo. Posho haikuwepo, na nauli na chakula vilitoka kwa wazazi wetu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na anayeijua baridi ya Mufindi wakati huo anajua maana ya kutia udhu kwa maji ya bomba kabla ya alfajiri.

Wiki nne za mwanzo hatukufundishwa kitu. Tulitumwa chai, tukatumwa kutoa kopi, tukafagia karakana, na muda uliobaki tukakaa kwenye benchi. Hatudharau ufagio. Karakana chafu ni hatari, na anayeanza kazi lazima aanze chini. Lakini mwanafunzi kukaa mwezi mzima bila mtu wa kumwonyesha hata fyuzi si haki, na kampuni inayogonga muhuri wake juu ya mwezi kama huo nayo ina fungu lake la lawama.

Mwisho wa wiki ya nne ilikuwa lazima kitabu kitiwe sahihi. Msimamizi wetu alikuwa na haraka, akasema, "Jazeni wenyewe, nitasaini." Mwanafunzi wa chuo kingine alikuwa na kitabu cha mtu wa mwaka uliopita. Tukakinakili. Tuliandika kwamba tumefungua mota, tumebadilisha beringi, tumepima nyaya na kufunga upya. Tulipomaliza tulikwenda kuswali Alasiri pamoja, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

Katika karakana ile kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Iringa, Mkristo, aliyekaribia kustaafu. Jumatatu iliyofuata alikikuta kitabu chetu juu ya meza akakisoma. Hakutugombeza. Alituita, akatupeleka kwenye pampu ya maji iliyokuwa imesimama, akasema, "Wanangu, mmeandika mlifungua mota. Haya, nifungulieni na hii." Mmoja wetu akachukua spana, akainama kuushika mfuniko wa sehemu zinapoingilia nyaya. Mzee akamdaka mkono.

"Umeme umeukata wapi?"

Tulitazamana. Tuliona mota imesimama, tukadhani haina umeme. Mzee akatuonyesha tangi juu ya paa, akatueleza kwamba pampu ile hujiwasha yenyewe maji yanapopungua. Imesimama, lakini umeme umeifikia na unaisubiri. Kabla hajamaliza kueleza, pampu ikanguruma. Mkono wa mwenzetu ulikuwa bado mkononi mwa mzee.

Siku ile alitufundisha jambo ambalo tungepaswa kulijua kabla ya kuandika neno mota. Kabla ya kugusa, kata umeme kwenye swichi yake. Funga swichi hiyo kwa kufuli lako mwenyewe, na ufunguo uuweke mfukoni mwako, usimwachie rafiki. Tundika kibao chenye jina lako. Kisha pima kwa mita, na mita yenyewe uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, ili uhakikishe haikudanganyi. Hapo ndipo unaposhika spana. Somo hilo lilichukua chini ya saa moja. Sisi tulikuwa tumejiandikia ujuzi wa mwezi mzima bila kulijua.

Usiku huo, baada ya Isha, wavulana tulizungumza, na asubuhi tukamshirikisha dada yetu. Tulikata kwa mstari yale tuliyoyanakili, tukaandika pembeni kweli yake: kufagia, kupeleka barua, kutoa kopi. Msimamizi hakufurahi, maana sahihi yake ilikuwa chini ya uongo ule. Mwalimu wa chuo alipokuja alituuliza kulikoni, tukamweleza yote. Alitupunguzia alama, na ilikuwa haki yake. Yule aliyetupa kitabu cha kunakili alipata alama nzuri kuliko sisi. Hatuwezi kuwaambia kwamba ukweli ulitulipa katika matokeo. Ulichotupa ni wiki nne za mwisho, kwa sababu tangu siku ile mzee yule hakwenda kwenye kazi bila kutuita.

Wapo wenzetu wanaosema, "Kampuni ndiyo iliyoanza kutudhulumu, sasa tufanye nini? Tukiandika kufagia tutafeli." Hoja hii ina uzito, nasi tulijiambia hivyo hivyo. Lakini dhuluma ya mwingine haimhalalishii mtu uongo wake. Tena aliyedanganywa hapo si kampuni. Ni mzazi aliyetoa nauli, ni chuo, na ni mtu ambaye kesho atakukabidhi nyumba yake uifunge nyaya akiamini unajua. Daktari aliyenakili huua mgonjwa, na fundi umeme aliyenakili huunguza familia usiku.

Tukirudi katika tuliyosomeshwa humu madrasani, kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat Al-Qasas kinatutosha. Alifika Madyan akiwa mgeni, hana kazi wala jamaa. Akawanywesheza wanyama wale mabinti wawili bila kudai ujira. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, na sifa alizozitaja ni mbili: nguvu na uaminifu. Kisha yule mzee na Musa wakapatana muda kabla ya kazi kuanza, miaka minane, na ikitimia kumi ni hiari ya Musa. Humo mna mafunzo mawili. Mfanyakazi huletwa na uwezo pamoja na amana, na kimoja bila kingine hakikamiliki. Na mwenye kazi naye huweka wazi masharti yake mapema. Mtume wetu (s.a.w.) naye aliichukua mali ya Bibi Khadija kuifanyia biashara huku watu wa Makka wakimjua kwa uaminifu wake.

Kwa hiyo tuna maneno kwa kila upande.

Kwanza, wanafunzi wenzetu. Usiandike usilolifanya. Ikiwa wiki ya kwanza imepita bila kazi, mwendee msimamizi kwa adabu umwombe akuunganishe na fundi mmoja, na usipojibiwa mjulishe mwalimu wako wa chuo wakati huo huo, usisubiri aje kukagua. Sisi tulinyamaza wiki nne, na hilo ni kosa letu. Mlio wasichana, dada yetu anawausia kwamba stara na usalama vinakwenda pamoja: ovaroli pana, na mtandio uliofungwa ukaingizwa ndani, usiachie ncha yoyote karibu na mashine inayozunguka. Kuhusu swala, msione haya kuuliza siku ya kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na huku kwetu mwezi wa Julai Adhuhuri huingia karibu na saa saba, wakati ambao watu wengi wamo mapumzikoni. Ijumaa tuliomba ruhusa mapema, na muda tuliochelewa tuliufidia jioni. Hatukukataliwa hata mara moja.

Pili, chagueni mahali mapema. Viwanda vya bia navyo huchukua wanafunzi, na kimoja kipo hapa hapa Mbeya. Kijana akipangiwa huko halafu akalalamika baada ya kuripoti, anakuwa amechelewa. Aseme chuoni wakati nafasi zinagawiwa, na awashirikishe wazazi na ustadhi wake.

Tatu, wazazi wetu. Kijana akipiga simu kutoka fildi, swali la kwanza huwa, "Wanakulipa?" Tunaomba liwe, "Leo umejifunza nini?" Sisi kama tungeulizwa hivyo katika wiki ya kwanza, huenda tungeona aibu mapema. Na anayefanya kazi katika kampuni, asimsaidie mtoto wake tu. Kuna yatima na mtoto wa mkulima anayetembeza barua bila mtu wa kumjua getini.

Nne, kampuni na vyuo. Mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya uanagenzi na ya mafunzo ya uzoefu kazini, kwa hiyo jambo hili si geni. Mwanafunzi apewe fundi mmoja wa kumwangalia, aelezwe usalama siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa hata choo, na chuo kije kukagua wiki ya pili, si wiki ya saba wakati kila kitu kimekwisha.

Na madrasa yetu tunaiomba jambo dogo. Kila mwaka kabla ya likizo ndefu, wale waliokwisha kwenda fildi wakae na wanaokwenda, hapa hapa msikitini baada ya Alasiri, wawaambie ukweli wa huko. Sisi tuko tayari kuanza mwaka huu, na kitabu chetu chenye mistari ya kukatwa tutakuja nacho, kila anayetaka akione.

Mzee yule amekwisha kustaafu. Siku ya mwisho tulimwuliza kwa nini hakutushitaki ofisini alipokisoma kitabu chetu. Alisema ofisini wangetufukuza, na kijana aliyefukuzwa angekwenda kushika mota mahali pengine bila kujua. Kisha akatupa kufuli moja la zamani, akatuambia tulitumie kwa zamu hadi kila mmoja atakaponunua lake. Hadi leo liko nasi.

Wabillahi tawfiq.