Vipimo vya sayansi duniani: Mkulima yumo au hayumo?

KILA mwaka hutoka ripoti zinazopanga nchi kwa maendeleo ya sayansi na teknolojia. Katika ile ya ubunifu inayotolewa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), Uswisi imeshika nafasi ya kwanza tangu mwaka 2011, huku nchi nyingi za Afrika zikiwa nusu ya chini.

Mkulima wa korosho wa Newala au muuza pembejeo wa Eldoret anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya maprofesa. Sivyo. Serikali na wafadhili huzitazama orodha hizi wanapogawa fedha, na kazi isiyohesabiwa ni rahisi kukatiwa fungu.

Mfano mzuri ni kipimo cha Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) cha mwaka 2001. Nchi 72 zilipangwa. Finland iliongoza, Msumbiji ikashika mkia, na Kenya na Tanzania zikawa miongoni mwa tano za mwisho. Nyingine nyingi hazikupangwa kwa kukosa takwimu.

Mambo manane yalihesabiwa: hataza, mapato yatokanayo na hataza na leseni kutoka nje, kompyuta zilizounganishwa kwenye intaneti, fungu la bidhaa za teknolojia katika mauzo ya nje, simu, umeme, miaka ya kusoma shule, na wanafunzi wa sayansi katika elimu ya juu.

Hakuna hata moja lililohusu shamba. Zaidi ya hayo, nchi ikiuza nje kahawa na korosho nyingi zaidi, alama zake zingeweza kushuka, kwani fungu la bidhaa za viwandani lingepungua.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kwa miaka mingi kimetafiti mbegu bora za mikorosho na namna ya kudhibiti ubwiriunga. Faida yake huonekana kwenye magunia ya mkulima, lakini katika kipimo cha namna hiyo haina safu yake.

Wastani nao huficha mengi. India, yenye Bangalore inayosifika kwa programu za kompyuta, ilipewa nafasi ya 63, kwa sababu hesabu iligawanywa kwa watu wote, wakiwamo mamilioni ya wanavijiji wasio na umeme.

Vilevile, kipimo kilihesabu simu, si kazi inayofanywa na simu. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata Tanzania, mfanyabiashara mdogo alianza kulipia mzigo bila kusafiri na fedha mfukoni. Badiliko hilo halikutokana na wingi wa hataza.

Hata hivyo, kuvitupa vipimo vyote ni kosa. Kimoja kinawagusa wakulima moja kwa moja: sehemu ya pato la taifa inayotumika katika utafiti. Korea Kusini na Israel hutumia zaidi ya asilimia 4. Wakuu wa nchi za Afrika, walipokutana Addis Ababa Januari 2007, walihimizana kufikia asilimia 1 ifikapo mwaka 2010. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2. Nchi nyingi za Afrika bado ziko chini ya asilimia 1.

Tarakimu hiyo nayo inahitaji kuulizwa maswali. Fedha zikitoka kwa mfadhili, utafiti unaweza kusimama mradi unapokwisha. Zikiishia kwenye mishahara na majengo, mbegu mpya haitoki. Na mbegu ikitoka bila bwana shamba wa kuifikisha kijijini, hubaki kituoni.

Kwa hiyo vyama vya ushirika na mabaraza ya madiwani vina hoja tatu za kuuliza wakati wa bajeti: Kituo cha utafiti cha kanda kimepata kiasi gani, na kutoka kwa nani? Ni mbegu ngapi mpya zimemfikia mkulima? Bwana shamba mmoja anahudumia kaya ngapi?

Majibu hayo hayataipandisha nchi kwenye orodha mwaka huu wala mwaka ujao. Lakini yataonyesha kama sayansi inayotajwa katika hotuba imefika kwenye jembe, au bado inaishia kwenye makaratasi.