Mbele ya kununua ordinatere, tusome kwanza liste ya makonte

Ndugu wachimbaji wa Lusangi, Kabambare na Kasongo, na ninyi mama zetu munaongojea feza ya shimo,

Sheria ya mine ya tarehe 9 Machi 2018 inaomba kila muchimbaji wa mukono awe memba wa koperative. Ni muzuri. Lakini koperative ni kese moja ya watu wengi, na kese ya watu wengi inaomba hesabu yenye kusomeka. Siku hizi tunasikia: «Tununue ordinatere, tuweke programu ya kontabilite, wizi itaisha.» Sisi wa sendika tunasema: polepole. Ordinatere haijue shimo wala negosia. Inaandika tu pale tunaiambia.

Kazi ya kwanza ndani ya ile programu ni kufungua makonte: kila aina ya feza na konte yake, namba na jina. Namba hatuzibuni. Inchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na mupango wake wa hesabu, SYSCOHADA, umekwisha kuzipanga. Zenye kuanza na 1 ni mutaji, pamoja na mafungu ya wamemba. 2 ni vyombo vya kudumu, kama motopompe. 3 ni stoki, 4 ni madeni, 5 ni feza yenyewe, 6 ni matumizi, 7 ni mapato. Banki ni 52, kese ni 57, feza ya ndani ya telefone ni 552.

Sasa muangalie hatari. Tuseme negosia anatupa dola 500 tununue mazuti, tutamurudishia kwa zahabu. Kese inapanda dola 500. Na upande wa pili tunaandika wapi? Ile feza ni deni. Inaingia 419, avansi ya muteja. Mutu akiiweka kwa 70, mauzo, programu haitakatala, maana pande mbili ziko sawa. Mwisho wa mwezi itaonyesha faida. Tutaigawa, tutaikula, kisha negosia atakuja kudai zahabu yake. Nani atalipa? Ni yule anayeshuka shimoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya. Dola na franka, kila moja na kese yake. Kila memba awe na konte yake, aone gramu alizoleta, feza aliyopata na deni lake. Tusifungue konte ya «mengineyo» ya kutupia kila kitu kisicho na risiti; ile ni shimo lisilo na mwisho. Anayeshika kese asiwe yeye tena anayeandika ndani ya programu. Na siku ya kuanza, feza, stoki na madeni vihesabiwe mbele ya wote. Ndivyo vitakuwa mustari wa kwanza.

Kontable anaweza kutoka Kindu ao Bukavu, na kwa mambo ya namba tutamusikiliza. Lakini nani anatudai na sisi tunamudai nani, ni sisi tunajua. Basi, kwa mukutano mukubwa ujao, mbele ya kuinua mukono juu ya ordinatere, muombe liste ya makonte isomwe yote, kwa Kiswahili, konte kwa konte. Yule asiyetaka kuisoma, mumuulize sababu.