Makapi Yaliyozaa Nafaka

"Angekuwa na uwezo, kampuni ingemchapisha." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi. Mara ya mwisho yalitoka kwa jamaa aliyeshika jarida jembamba, jalada jeusi, limebanwa kwa pini mbili za stepla. Hakulifungua. Alilipima uzito kiganjani kama mtu anayemshuku muuza nyama, akaliweka chini, akachukua kitabu kinene chenye jalada gumu.

Lilikuwa jarida la mashabiki wa michezo ya kutisha ya mezani. Kwa asiyeijua michezo hiyo: watu wanne watano huketi pamoja, mmoja anasimulia, wengine wanasema na kutenda kwa niaba ya wahusika wao, na dadu zinaamua kama mlango utafunguka au mkono utabaki mlangoni. Mkongwe wao ni Call of Cthulhu, ulioandikwa na Sandy Petersen na kutolewa na kampuni ya Chaosium ya Marekani mwaka 1981. Mashabiki hutunga visa vyao, huchora ramani, hubuni barua za marehemu na kurasa za magazeti ya zamani, kisha huzidurufu na kuuziana. Wengi wanaamini kwamba hayo ni makapi, nafaka iko kwa kampuni.

Tumwulize mwenye nyumba. H. P. Lovecraft, ambaye hadithi zake ndizo msingi wa mchezo huo, alijiunga mwaka 1914 na United Amateur Press Association, chama cha watu waliojichapishia vijarida na kutumiana kwa posta. Kuanzia 1915 hadi 1923 alitoa cha kwake, The Conservative. Hadithi yake "Dagon" ilitoka 1919 katika The Vagrant, jarida la ridhaa. "Nyarlathotep" ilitoka 1920 katika The United Amateur, jarida la chama chenyewe. Weird Tales, gazeti lililokuja kumlipa, lilianza 1923. Kwa hiyo jamaa yetu anayekumbatia kitabu kinene cha Cthulhu anakumbatia mti ambao mbegu yake ilipandwa na watu wa aina ile ile anayoidharau.

Utasema hayo ni ya kale. Haya, twende 1990, mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Kijana John Tynes alianzisha jarida la Call of Cthulhu, The Unspeakable Oath. Toleo la saba, mwaka 1992, lilibeba kisa kilichowatoa wachezaji kwenye miaka ya 1920 waliyoizoea na kuwaingiza katika Marekani ya siku zao, ndani ya kundi la siri la maofisa wa serikali wanaopambana na mambo ambayo serikali yao haitayakiri. Kundi hilo liliitwa Delta Green, na lilifika mezani mwaka mmoja kabla The X-Files haijaonyeshwa kwenye televisheni. Likawa kitabu 1997, na baadaye mchezo unaojitegemea. Leo liko rafuni, jalada gumu, karatasi ya kung'aa. Jamaa yetu analinunua bila kujua lilizaliwa wapi.

Lakini ninachokipenda zaidi katika The Unspeakable Oath si Delta Green. Ni ukurasa wake mdogo ulioitwa Tales of Terror. Msomaji alipewa tukio moja la ajabu, fupi, kisha chini yake maelezo kadhaa yasiyopatana, kwa kawaida matatu. Huenda ni jini, huenda ni tapeli, huenda ni mhusika mwenyewe ameanza kurukwa na akili. Msimulizi alichagua. Hata mchezaji aliyesoma ukurasa ule mara kumi hakujua usiku huo atakutana na lipi.

Hapo ndipo lilipo kosa la wanaodhani hofu inahitaji kiwanda. Kampuni lazima iuze kitabu kile kile kwa watu maelfu, hivyo lazima ieleze. Hata Cthulhu, jitu la kutisha la Lovecraft, ana tarakimu zake: ukimwona, urazini wako unapungua kwa hadi pointi 100, dadu zitakavyosema. Nguvu zake, ngozi yake, vyote vimeandikwa. Mwaka wa kwanza unatetemeka. Mwaka wa tano unajua hesabu, na kitu unachokijua hesabu hakikunyimi usingizi. Jarida la mashabiki linawafikia wachache, halina deni la kumpendeza kila mnunuzi, na toleo lijalo linaweza kulikana la jana. Kwa mapishi mengine sijui, lakini hofu hupikwa vizuri katika chungu kidogo.

Nikubali yaliyo ya kweli. Majarida mengi ya aina hii ni mabovu. Nimeona ramani yenye ngazi zisizofika ghorofani, na mzimu anayebadili jina ukurasa wa nne. Mengi hufa baada ya toleo la pili. Na kujitolea kusigeuzwe kisingizio cha kutowalipa watu. Ila vitabu vibovu vya kampuni navyo vimejaa tele, tofauti ni kwamba ubovu wake umefungwa vizuri.

Siku hizi kuna Bayt al Azif, jarida la mashabiki wa Cthulhu lililoanza 2018. "Al Azif", kwa madai ya Lovecraft, ndilo jina la Kiarabu la kitabu chake cha kubuni, Necronomicon: mlio wa wadudu usiku, unaodhaniwa kuwa sauti za majini. Hiyo "bayt", yaani nyumba, ni ile ile ya Beit el-Ajaib ya Zanzibar. Nilicheka nilipoliona. Nyumba tunayo na majini tunayo, ila jarida letu sijaliona.

Na wenzetu wametuandikia tayari. Mwaka 1984 Chaosium ilitoa Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu kinachosifiwa kama kilele cha michezo hii. Safari yake ya mwaka 1925 inafika Nairobi, na kitisho cha Kenya ni madhehebu ya Waafrika wamwagao damu mlimani. Kazi ya wataalamu hiyo, wenye mhariri na kiwanda. Nairobi ya 1925 niijuayo mimi ilikuwa na mwanamume aliyelazimika kutembea na kipande cha utambulisho kilichoning'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Miaka mitatu nyuma, Machi 1922, polisi walikuwa wameufyatulia risasi umati uliotaka mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, na Thuku mwenyewe bado alikuwa uhamishoni. Mji wenye wafu wa namna hiyo hauhitaji kuazimwa shetani kutoka Rhode Island, kwao Lovecraft.

Kisa cha mji huo anaweza kukiandika mtu wa hapa, wewe kwa mfano. Usisubiri kampuni. Karatasi 8 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32, na duka la fotokopi liko hapo kwenye kona.