Choki ikivutwa sebuleni, mtoto huamka na "malaria" isiyoonekana kwenye kipimo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika nyumba nyingi za mjini Musoma, pikipiki bado iko sebuleni. Baba huiingiza ndani usiku kwa kuhofia wezi, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Tatizo huanza anapoiwasha. Injini imepoa, anavuta choki, anapiga kiki mara tatu, inawaka, kisha anaiacha ikinguruma palepale huku akitafuta koti na kofia. Watoto wamelala chumba cha pili, na mlango wao ni pazia.

Dakika hizo chache ndizo chafu kuliko zote katika siku ya injini ile, na sababu ni choki.

Injini ikishapata moto, kilo 1 ya petroli huungua vizuri kwa takriban kilo 15 za hewa. Ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo choki hubana hewa kwenye kabureta ili petroli izidi. Injini inawaka, lakini petroli hiyo haipati hewa ya kuiunguza yote, na ekzosi inatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ule moshi unaonuka ni vitu vingine vilivyoambatana nayo, hivyo harufu ikiisha haina maana kwamba gesi imeisha.

Land Rover za zamani, ambazo wazee wa Butiama na Bunda wanazikumbuka vizuri, zilikuwa na kitasa cha choki kwenye dashibodi. Dereva alikivuta, na alijua ni wajibu wake kukirudisha. Waingereza haohao wakatafuta njia ya kumpunguzia dereva kazi. Jaguar za miaka ya 1950 zilikuwa na kabureta ndogo ya ziada ya kuwashia, iliyoendeshwa na swichi inayohisi joto la maji ya injini. Maji yakipata moto, inajikata yenyewe. Magari mengine yalitumia koili ya metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambayo hujikunja na kujikunjua kadiri joto linavyobadilika.

Ni ubunifu mzuri mpaka siku uharibike. Swichi ikifa au koili ikikwama, choki huendelea kufanya kazi safari nzima, na hakuna kitasa cha kumkumbusha dereva. Wenye Jaguar wengi waliishia kufunga swichi ya kuwasha na kuzima kwa mkono. Magari hayo pia hayakuwa na kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza gesi yenye sumu. Leo baadhi ya jenereta zina choki otomatiki pia, na udhaifu ni uleule.

Musoma haina baridi ya kuhitaji choki muda mrefu. Tena mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kiasi, hivyo kwenye injini ya kabureta petroli tayari huelekea kuzidi. Choki inayoachwa kwa mazoea tu inaongeza sumu bila faida yoyote.

Mwilini, kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Kwa mama yeyote wa Mara, dalili hizo zina jina moja: malaria. Mtoto hupelekwa kupimwa, kipimo hakioni kitu, na wapo wazazi wanaonunua dawa ya malaria hata hivyo.

Lakini gesi hii kwa kawaida haileti homa. Mara nyingi huwapata watu zaidi ya mmoja wa nyumba ileile kwa wakati mmoja. Mtoto hupata nafuu akiwa shuleni au akicheza uwanjani, kisha kesho asubuhi hali inarudi. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema. Mjamzito naye humpitishia aliye tumboni.

Mzazi anayeona mambo hayo amweleze mganga waziwazi kwamba kuna injini inayowashwa ndani, kwa sababu hata kile kifaa kinachobanwa kidoleni hudanganywa na gesi hii na kuonyesha oksijeni iko sawa. Tiba ni oksijeni, na haifai kusubiri jioni. Aliyezimia atolewe nje kwanza na kupelekwa hospitali.

Pikipiki isukumwe hadi nje ndipo iwashwe. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hata mvua ikinyesha. Ijengewe kibanda kilicho wazi pande zote. Plagi ikitoka nyeusi kwa masizi, au petroli ikianza kuisha haraka kuliko kawaida, fundi aangalie choki kabla ya kitu kingine.

Kwenye nyumba za kupanga, kama zilivyo nyingi Bunda, vyumba sita hutumia korido moja na pikipiki mbili hulala humo. Hapo baba mmoja kuwa mwangalifu hakutoshi. Ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba, ikiwezekana siku ya kulipa kodi, maana siku hiyo husikiliza.