Usilaumu Betri Kabla ya Kukagua Viungio

Ndugu msomaji, wapo wenzetu wengi walioitia akiba ya miaka mingi katika gari dogo la mizigo, na riziki ya nyumba nzima ikawa juu ya magurudumu manne. Kwa ajili yao, leo tuzungumzie nyaya.

Chukua gari linalopakia vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, na kuvipeleka Karatu. Vumbi laini hupenya katika viungio vya nyaya, na mtikisiko huvilegeza. Gari hilo likikodiwa kupeleka vyakula Ngorongoro, hupanda kutoka Karatu, penye mita 1,500 hivi, hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200. Huko ukungu huliloanisha vumbi lile, shaba ikaota kutu ya kijani. Ndipo taa hufifia, tena penye kona na ukungu, dereva anapozihitaji zaidi.

Aghalabu mwenye gari hukimbilia kununua betri mpya, kumbe kosa liko kwingine. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, kwa umeme wa volti 12, huvuta ampea 9 hivi. Kiungio kibovu chenye ukinzani wa omu 0.2 tu hula karibu volti 2, na hutoa joto la wati 16 hivi, ambalo laweza kuyeyusha plastiki yake. Fyuzi haitakuokoa, kwa kuwa ampea hazikuzidi.

Basi yafaa kila mwisho wa juma ukague mambo matatu. Kwanza, ncha za betri, na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi: tangulia kufungua ncha ya hasi, sugua mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Pili, nyaya zipitazo penye bawaba za mlango wa nyuma, kwani hukatika ndani kwa ndani kwa kukunjwa kila mlango ufunguliwapo. Tatu, nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Mwambie fundi aziunge upya kwa kiungio cha kubana.

Wala usikubali fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa kipande cha waya. Siku nyingine itakayoungua si fyuzi, ni gari.

Mzigo ukichelewa, mwenye mali atanung'unika. Lakini anayesubiriwa nyumbani jioni ni dereva. Tukutane Jumapili ijayo.